Kigari cha Mtoto Anayetembea

Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, ana kilo 15 na ushei, na anatembea. Nikitoka zamu ya usiku ananishinda kabisa. Ndiyo maana nilipomwambia mama kwenye simu kwamba natafuta kigari kipya, kile cha uchanga kimeshambana, alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akauliza kama mjukuu wake siku hizi amekuwa Bwana DC wa kubebwa kwenye machela.

Nilimwelewa. Kwetu Tanga mtoto wa umri huo hufuatana na dada zake hadi dukani, na akichoka yupo wa kumbeba: shangazi, jirani, hata kijana anayepita na baiskeli. Hapa Riyadh mikono yote hiyo ni miwili, nayo ni yangu. Mume wangu yuko kazini mchana, mimi mara nyingi usiku. Na mgongo wa muuguzi ni mtaji. Wagonjwa ninaowageuza wodini wanautosha.

Halafu kuna jua. Mwezi wa Julai, mchana wa Riyadh hupita nyuzi 43 bila shida. Serikali yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, tangu 15 Juni mpaka 15 Septemba, na hapo wanaolindwa ni watu wazima. Mtoto yuko chini zaidi, karibu na lami inayotoa moto. Kwa hiyo familia huhamishia matembezi yao usiku. Saa nne usiku bustani na maduka yamejaa watoto. Huyu wangu aliyekuwa akikimbia saa kumi na mbili jioni, saa nne ni gunia la mchele linalokoroma.

Kabla ya kununua, wiki nzima nilitazama anavyotembea. Katika matembezi ya saa mbili, alihitaji kukaa labda nusu saa, na karibu yote ilikuwa mwishoni. Jambo hilo lilibadilisha kabisa nilichokuwa nakitafuta. Muda mwingi kigari hicho kingekuwa kitupu! Basi kilipaswa kuwa chepesi kukisukuma kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto, chepesi kukibeba kwenye ngazi, na kisipinduke kikiwa hakina mtu.

Hilo la kupinduka wauzaji hawakuambii. Ukitundika mifuko ya soko kwenye mpini, uzito wa mtoto ndio unaoshikilia kigari. Akiruka chini, kinaanguka kinyumenyume pamoja na mayai. Kwa mtoto wa kupanda na kushuka mara kumi, tafuta chenye kikapu chini ya kiti, si cha kutundika. Tazama pia kama anaweza kupanda mwenyewe. Vile vyenye upau mbele ya tumbo vinakurudisha kwenye kumnyanyua, na kunyanyua ndiko tunakokukimbia.

Soma kibandiko cha uzito. Vigari vingi mwisho wake ni kilo 15, na mtoto wa kawaida akifika miaka minne ana kilo kama 16. Kuna vilivyopimwa hadi kilo 22. Hivyo ndivyo vya watoto wetu hawa. Kisha mkalishe mtoto pale pale dukani. Kichwa kisipite mgongo wa kiti, miguu ipate pa kukanyaga isiburuzwe, na kiti kilale nyuma, maana atasinzia. Kivuli kiwe kirefu. Na tafadhali, wazazi wenzangu, msifunike kigari kwa mtandio au blanketi kuzuia jua. Hewa inakwama ndani, joto linapanda, nawe humwoni mtoto. Hili nalisema kama muuguzi.

Vile vya magurudumu matatu makubwa vinapendeza sana, ila vina uzito wa karibu mtoto mwenyewe, na buti ya teksi haivitaki. Sisi tunatumia sana metro tangu ilipoanza Desemba 2024. Lifti zipo, lakini ukikuta foleni unakunja kigari na kupanda ngazi. Nilichochukua kinakunjwa kama mwavuli, kina kilo saba, nilikilipia riyali 320. Vya mitumba vipo pia na havina ubaya, ila jaribu breki, mkanda na kila gurudumu kabla hujatoa pesa.

Jeddah ndiko kilikopata mtihani. Dada yangu anaishi huko na tunamtembelea mara mbili kwa mwaka, safari ya kilomita kama 950 ambayo sisi huikata kwa ndege. Joto la Riyadh linakauka; la Jeddah linakulowesha, na mtoto anayetoka jasho hivyo huchoka mapema. Kwenye Corniche, pembeni mwa bahari, kigari kiliteleza vizuri. Al-Balad, ule mji wa kale wa nyumba za mawe ya matumbawe unaonikumbusha Mji Mkongwe wa Unguja, ni habari nyingine. Magurudumu madogo yalikwama kila penye jiwe lililoinuka. Tulikikunja, mume wangu akakitia begani, mtoto akapita vichochoro vyote kwa miguu akihesabu madirisha ya mbao. Kigari cha kilo 12 tungekiacha mlangoni kwa muuza juisi.

Tulipomtumia mama picha za Corniche, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama hicho kidude kinapatikana Tanga, maana shangazi yangu anaumwa magoti na ana mjukuu wa miaka mitatu wa kumpeleka kliniki. Nimemwambia akipime uzito kwanza.