Siku tepu ya mama mkwe iliponiumbua

Kila shule zinapofungwa, jioni mvua inapoanza kupiga mabati hapa Kenyenya, mama mkwe wangu huwaita wajukuu wake sebuleni kwake. Huwapanga mstari kwa umri, akavaa miwani, akaning'iniza tepu shingoni, kisha akafungua daftari lake la kurasa 96. Kila mtoto ana ukurasa wake. Humo huandika tarehe, kifua, kiuno, urefu kutoka begani hadi gotini, urefu wa mkono, na mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, mahali mkono wa shati unapotakiwa kukaa bila kubana.

Huwapima mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba. Huwapima awe ana kitambaa au hana. Wapo wajukuu walioko Nairobi ambao hajawashonea chochote kwa miaka miwili, lakini wakija nyumbani lazima wasimame mbele yake kama askari, mikono kando, bila kucheka.

Kwa muda mrefu niliona shughuli hiyo kuwa ya kupoteza wakati. Nakiri hivyo bila kificho, kwa sababu nilicho nacho cha kusimulia leo kimeninyenyekesha.

Mimi mwenyewe nilikua nikivaa nguo za kushonwa nyumbani. Tulizaliwa watano, na mama alikuwa akinunua kitambaa kimoja kirefu na kukikata kulingana na vimo vyetu. Wasichana tulipata marinda, wavulana wakapata mashati, na kilichobaki kikawa kitambaa cha meza. Jumapili tukiingia kanisani, tulionekana kama kwaya. Mwaka mmoja alitumia kitambaa kile kile alichoshonea mapazia. Watoto wa jirani wakatubandika jina la Mapazia, na jina hilo lilinifuata hadi darasa la saba.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati ambapo milango ya biashara ilifunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kufurika masokoni. Kabla ya hapo familia nyingi zilitegemea vitambaa vilivyofumwa humu nchini, vikiwemo vya Rivatex kule Eldoret na Kicomi kule Kisumu. Viwanda hivyo vikayumba, mafundi wengi wakakosa kazi, na mtoto aliyevaa nguo ya kushonwa na mama yake akaanza kuonekana mshamba mbele ya mwenzake mwenye fulana iliyoandikwa jina la chuo cha Marekani. Nilimwonea wivu mtoto huyo. Nikajiapiza kuwa wanangu hawataitwa Mapazia.

Basi nilipoolewa na kujaliwa watoto, nikawa mteja wa mitumba. Nisieleweke vibaya, msomaji. Mitumba imenisitiri, na sina ubavu wa kuibeza. Kwa pesa ambazo ningetumia kununua kitambaa, uzi, lastiki na vifungo vya kaptura moja, naweza kurudi kutoka soko la Daraja Mbili mjini Kisii na kaptura mbili na sweta juu. Anayesema kushona nyumbani ni rahisi kuliko mitumba hajapiga hesabu vizuri, au hana watoto watatu.

Mara moja tu nililazimika kurudi kwa mama mkwe. Machi 2020, kwa hofu ya ugonjwa wa Korona, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba, na marufuku hayo yakadumu hadi Agosti mwaka huo. Binti yangu wa kwanza alikuwa akirefuka kama mgomba. Mama mkwe alichana rinda lake la zamani akamtolea mawili madogo, na vipande vilivyobaki akashona barakoa za nyumba nzima. Nilimshukuru. Lakini soko lilipojaa tena, nami nikarudi kwenye marobota.

Kitinda mimba wetu, mvulana, alizaliwa baada ya hapo. Huyu nilimvisha mitumba tangu utotoni, na kila mara nilichagua nguo kubwa kumzidi. Kina mama mnajua sababu. Mtoto hukua haraka, na nguo inayomtosha leo itambana kabla ya miezi mitatu kwisha. Nilikuwa nikimkunjia miguu ya suruali, nikamkunja mikono ya sweta, nikasema, "Atakua humo humo ndani."

Agosti mwaka jana tulikuwa na arusi katika ukoo. Mama mkwe alitaka wajukuu wake wote wavae sare, wasichana marinda na wavulana mashati na kaptura. Sikuwa na moyo wa kubishana. Kazi yangu ya kuandika makala hunitoa nyumbani mapema, mara Kisii, mara Nyamira, mara Kisumu, nami hurudi giza limeingia. Mume wangu ni mwalimu katika kaunti nyingine na huja mwisho wa mwezi. Jioni hiyo nilikuwa nimechoka, nimekaa kando na kikombe cha chai, nikisubiri upimaji umalizike nikalale.

Mabinti wawili walipimwa bila taabu. Ikaja zamu ya kitinda mimba. Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane. Mama mkwe alimvua sweta, akamvua fulana, akapima kifua, akaandika. Akapima urefu, akaandika. Akazungusha tepu mkononi juu ya kiwiko, akasita. Akapima tena. Halafu akarudi kwenye ukurasa wa Aprili, akaweka kidole juu ya tarakimu.

"Aprili ilikuwa inchi tano na robo," alisema.

"Na sasa?" nikauliza.

"Nne na robo tatu."

Nikamwambia labda Aprili tepu ililegea. Alinitazama juu ya miwani yake. Mama huyu alianza kushona kabla mimi sijazaliwa. Hata hivyo hakunikaripia. Alimpima mara ya tatu mbele yangu, taratibu, akanionyesha. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama," nikamwambia, "huyu ni mwembamba tu kama baba yake."

"Wembamba naujua, mwanangu," akajibu. "Baba yake nilimpima mimi. Lakini mtoto hukua kwenda mbele. Huyu amerudi nyuma."

Nilimtazama mwanangu akiwa amesimama pale bila fulana, akichezea ncha ya tepu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona. Mbavu zilihesabika. Mikono ilikuwa imekonda. Ni mtoto niliyekuwa nikimbeba kila usiku kumpeleka kitandani, lakini nilimbeba amelala, akiwa ndani ya sweta la mtoto wa miaka minne.

Asubuhi yake niliahirisha safari ya kazi nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliomba kijitabu cha kliniki. Hapo nilipata aibu ya pili. Ukurasa wa mwisho kuandikwa ulikuwa wa chanjo ya pili ya surua, ile inayotolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo nilikuwa nimekitia kijitabu sandukuni nikidhani safari za kliniki zimekwisha. Muuguzi alinieleza kwamba chanjo ndizo zilizokwisha, lakini kupimwa uzito na kimo huendelea hadi mtoto atimize miaka mitano.

Alimpima uzito na kimo, akabonyeza nyayo zake kuona kama zimevimba. Kisha akatoa kitu kilichonifanya nishike kiti. Ilikuwa tepu! Kitepu chembamba chenye rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, ambacho huzungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, pale pale mama mkwe alipopima mkono wa shati. Kwa watoto wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano, sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano, yaani mtoto ameanza kupungukiwa na lishe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo ni hatari inayohitaji matibabu ya haraka.

Mwanangu alikuwa na sentimita 12.1. Manjano.

Msomaji, utauliza mtoto anawezaje kukosa lishe hapa Gusii, kwenye ndizi, mahindi, maziwa, avokado na mboga za kila aina. Mimi pia nilijiuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni nafuu kuliko asilimia 26 ya mwaka wa 2014, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watano. Si wote wanaotoka maeneo ya ukame. Nimewahi kuandika kuhusu lishe kwa ajili ya kina mama wengine. Sikujua nilikuwa na wangu wa kuandikiwa.

Muuguzi hakunilaumu. Aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Mtoto hula mara ngapi? Hula nini saa nne asubuhi? Anakula sahani moja na nani? Alimpa dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, ambayo mtoto hufaa kupata kila baada ya miezi sita nami nilikuwa nimeyasahau, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Siku ya pili nilikaa nyumbani kutwa nzima, nikatazama. Majibu niliyapata kabla ya saa nane mchana. Asubuhi yaya alimpa chai na kipande cha mkate, akashiba maji. Mchana sahani moja ya ugali, chinsaga na maharagwe iliwekwa katikati ya watoto watatu. Mabinti wangu si wachoyo, lakini mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Hula haraka kwa sababu wanataka kurudi kucheza. Chinsaga ni chungu, na mdogo wao aliitema. Wakati anatafuna tonge la pili, maharagwe yalikuwa yamekwisha. Akainuka akawafuata nje. Hakulia, hakuomba. Kama angelia ningejua.

Siwezi kumlaumu yaya, maana alifanya kama nilivyomwelekeza. Nilikuwa nimemwachia chakula cha kutosha. Ambacho sikuwa nimemwachia ni jicho.

Mabadiliko tuliyofanya hayakuhitaji pesa nyingi. Mtoto alinunuliwa bakuli lake mwenyewe. Chai ya asubuhi ikaondolewa, ukaja uji wa wimbi wenye maziwa. Saa nne hupata ndizi mbivu au avokado, mchana yai au maharagwe yaliyopondwa, na siku za soko tunaleta omena. Hula kidogo kidogo mara tano kwa siku, na mtu mzima hukaa naye mpaka amalize. Mboga chungu huchanganywa na maziwa hadi ulimi uzoee.

Arusi ilipofika alivaa shati na kaptura alizoshonewa na nyanya yake, zikamkaa sawasawa. Zilikuwa nguo za kwanza zilizomtosha tangu azaliwe. Hakuna aliyemwita Pazia. Nilipochunguza pindo la kaptura, nikakuta mama mkwe ameliacha nene, karibu inchi mbili, limeshikizwa kwa nyuzi nyepesi. Nikamuuliza mbona asikate. Akasema nguo ya mtoto huachiwa akiba, na akiba hiyo hufunguliwa mtoto anapoifikia.

Tulirudi kituoni kila baada ya wiki mbili, na kufikia Oktoba kitepu kilikuwa kijani. Desemba wajukuu walipanga mstari tena. Safari hii sikukaa kando. Macho ya mama mkwe yamepungua nguvu, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma tepu naye akaandika. Mkono wa kitinda mimba ulikuwa inchi tano na robo, pale pale ulipokuwa Aprili. Alikuwa amepoteza miezi minane, amekirudisha alichopoteza. Urefu ulikuwa umeongezeka inchi nzima. Usiku huo nilikaa na wembe chini ya taa, nikafungua pindo la kaptura nikaliteremsha, nikalishona upya kwa mkono wangu. Mshono ulikwenda upande, lakini umeshika.

Bado nanunua mitumba, na bado mtoto huwa na sweta moja kubwa la kupandia basi asubuhi ya baridi. Sikuja hapa kukuambia uuze kila kitu ununue cherehani. Ninalokuomba ni dogo. Jumapili hii, kabla ya kumvisha mwanao nguo ya kwenda kanisani au sokoni, mvue ile kubwa umtazame. Ikiwa ana chini ya miaka mitano, kitafute kijitabu chake cha kliniki sandukuni, uangalie tarehe ya mwisho. Ukikuta imepitwa na wakati, usione haya kurudi. Wauguzi wamewaona wengi kama sisi.

Mama mkwe amenigawia ukurasa mmoja nyuma ya daftari lake, nijifunze kuandika vipimo. Amesema daftari hilo likijaa, linalofuata ni langu kununua.