Ugumu Kiasi Gani

Kuruta wa kwanza alisoma kichwa cha karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Dokta, mimi sina ulemavu."

Karatasi yenyewe ilikuwa WHODAS 2.0, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 36, nasi tulitaka kujua kama tafsiri yetu ya Kiswahili inapima kinachotakiwa. Linauliza: katika siku 30 zilizopita, afya yako imekupa ugumu kiasi gani kusimama, kutembea, kuoga, kuelewana na watu? Kwa Kiingereza, neno lililoko kichwani ni la kila mtu, kwa kiasi chake. "Ulemavu" wetu hauna kiasi. Unao au huna. Tulikuwa tumetafsiri, wengine wakarudisha kwenye Kiingereza bila kuona asilia, kamati ikalinganisha mstari kwa mstari. Neno lilirudi vilevile lilivyokwenda, kwa hiyo hakuna aliyeligusa.

Nikakunja sehemu ya juu ya kila karatasi, nikagawa upya.

Kisha vikaja vicheko. Swali la kusimama linataja dakika 30, la kutembea linataja kilomita moja. Vijana hawa walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwa mchakamchaka, na kwenye kwata walisimama mpaka jua likawafika utosini. "Dokta, hili swali la bibi yangu," mmoja akasema, hanga zima likacheka.

Hakucheka aliyekaa karibu na mlango. Nilimwona akiingia, akishusha mguu wa kushoto kama anayekanyaga kaa la moto. Kazi yangu ni fiziotherapia, macho hayajizuii.

Tulipangiwa pia kuketi na wachache, mmoja mmoja, watueleze walivyoelewa maswali. Nilimchagua yeye. Karatasi yake ilikuwa na "Hakuna" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Nikamuuliza, neno "ugumu" analielewaje?

"Ugumu ni kushindwa, dokta. Mimi sijashindwa." Akanyamaza kidogo. "Hii karatasi anaiona nani?"

"Sisi wa utafiti tu. Jina lako halipo."

"Na hii namba?"

Namba ilikuwepo, ya kuoanisha majibu ya awamu ya kwanza na ya pili.

Nikamwomba nimwone mguu. Nilipobonyeza muundi, pahali pamoja padogo kama sarafu, aliruka. Mbio za kila siku zinaweza kuuchosha mfupa kabla haujajijenga upya, ukaanza ufa mwembamba. Ukipumzishwa, mara nyingi huunga. Ukiendelea kukimbilia, unaweza kukatika. Nilimweleza yote hayo. Akaniambia kwamba nyumbani walichinja mbuzi alipochaguliwa.

"Nirudi na mguu, nitasema nini?"

Akaniomba nisimwambie yeyote. Nami nilikuwa nimetia sahihi karatasi inayoahidi hivyohivyo. Nikamsihi aende zahanati ya kambi mwenyewe. "Sawa, dokta," akajibu, kwa sauti ileile wanayojibia kila kitu pale. Niliisikia ile sauti na bado nikaondoka.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwa awamu ya pili. Namba yake haikuitika. Mwenzake akanieleza huku akijaza dodoso: alikatika mguu mbioni, wakambeba.

Matokeo yalitoka mazuri. Alfa ya Cronbach ilikuwa juu ya 0.7, kiwango ambacho wengi hukikubali, na majibu ya awamu mbili yalilingana: Hakuna, na tena Hakuna. Alfa hutazama kama majibu yanakwenda pamoja. Haijui kama yote yameogopa pamoja. Niliyasema hayo kwenye kikao, pamoja na habari ya neno "ulemavu". Neno tulilibadilisha. Lile la pili likaandikwa kuwa hoja ya kujadiliwa, tukaendelea.

Jedwali lilikuwa na safu ya waliokosa awamu ya pili, na kisanduku chembamba cha sababu. Mbele ya namba yake niliandika "hakupatikana".