Yasmin na Akina Mama wa Kariakoo

Riwaya ya Vuta N'kuvute iliandikwa na mwanamume, Adam Shafi. Filamu yake ya mwaka 2021 iliongozwa na mwanamume, Amil Shivji. Je, nguvu za Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950 anayemkimbia mume mzee aliyeozwa, zaaminika?

Shaka imo katika mapenzi. Yasmin anaingia katika harakati kwa mlango wa Denge, mpigania uhuru, kana kwamba mwanamke haamki mpaka aamshwe.

Kariakoo, zama zilezile, mambo yalikwenda kwingine. TANU ilizaliwa mwaka 1954 katika Mtaa wa Lumumba wa leo. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, akaanza kuwaingiza wanawake chamani kupitia vikundi vyao vya ngoma, shoga akimvuta shoga. Hawakungoja mchumba.

Kwa mizani hiyo, filamu inasimama imara pale Mwajuma anapompokea Yasmin. Siti Amina, aliyemwigiza, ni mwimbaji wa taarab hasa, na ushoga wao hauhitaji kuelezwa. Laiti kamera ingalikaa zaidi kwa Mwajuma, Denge asibishe hodi.