Tochi na Raia Anayejificha

Madereva wetu wamekipa kifaa cha polisi cha kupimia mwendo jina la tochi. Ni jina lenye falsafa ndani yake. Tochi humulika aliyejificha gizani. Basi aliyeliita hivyo alikwisha kukiri kwamba yeye yumo gizani.

Hivi karibuni, katika pitapita zangu Gerezani, fundi umeme wa magari alinionyesha kijisanduku kilichotolewa kwenye gari lililotumika kutoka Japani. "Hiki kinanusa tochi, Mwalimu," alinieleza. "Nikikufungia, unafika Dodoma bila kuandikiwa." Kazi yenyewe ni ndogo: waya mmoja kwenye kisanduku cha fyuzi, pale panapopata moto gari likiwashwa tu ili betri isinyonywe, mwingine kwenye bodi, kisha kifaa hukaa juu ya dashibodi, mbele ya kioo kisicho na tinti ya madini. Matunzo yake ni kukifuta vumbi na kukiongezea taarifa mpya.

Taarifa zipi? Vifaa vingi vya aina hiyo huongea Kijapani, na ramani iliyomo ni ya kamera za barabara za Japani. Havijui Chalinze wala Gairo.

Tuseme hata kingekuwa kipya. Reda hurusha mawimbi, nayo yakigonga gari linalokwenda hurudi yakiwa na masafa yaliyobadilika, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Kinasa huyasikia mawimbi hayo mapema, na huyasikia pia yale ya milango inayojifungua yenyewe madukani, kikapiga kelele bure. Tochi ya leza ni jambo jingine. Mwali wake ni mwembamba na kipimo hakimalizi sekunde moja. Kengele ikilia, askari ameshasoma mwendo wako. Nilimshukuru fundi, nikaenda zangu.

Lakini kinasa halisi cha Tanzania hakiuzwi Gerezani. Ni taa. Dereva anayetoka mbele anakuwashia mara mbili, nawe unashusha mwendo hadi 50, unampita askari kwa adabu, kisha unakanyaga mafuta. Tunauita wema huo undugu. Mimi nauona kuwa ni mkataba wa watu wasiofahamiana, waliokubaliana kwamba sheria ni adui wao wa pamoja.

Ndivyo ilivyo pia kwa mabasi. LATRA inayafuatilia kwa mfumo wa VTS, ambao humwonya dereva akizidisha mwendo na kupeleka taarifa kituoni. Mamlaka hiyo imelalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba vifaa hivyo huchezewa. Abiria 60 wamelala, na mtu amechomoa waya.

Kikomo cha 50 katika maeneo ya makazi hakikuwekwa kwa ajili ya faini. Gari lililo kwenye mwendo wa 80 hubeba nguvu ya mgongano mara mbili na nusu ya lile la 50. Mtoto anayevuka kwenda shule hana kinasa cha kumwonya kwamba unakuja.

Dola nayo ina sehemu yake. Askari anapojibanza nyuma ya mti, anafundisha kwamba kosa ni kukamatwa. Msafara wa mkubwa unapopita kama mshale, unafundisha kwamba sheria ni ya wadogo. Alama zisizoonekana na matuta yasiyo na rangi hufundisha kwamba serikali inataka fedha kuliko uhai. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, anzeni na magari mliyokabidhiwa.

Nanyi wanafunzi wangu, mnaopinga ufisadi kwa sauti kubwa, jiulizeni mnaendeshaje barabara ikiwa tupu. Taifa haliwezi kuweka askari kila kilomita. Pale tochi inapoishia ndipo uraia unapoanza.