Samaki Wetu Watalika?

Jumapili, 26 Mei 2024
Uyombo, Kilifi, tangu asubuhi. Kila baraza habari ni moja: mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa hapa, polisi, gesi ya kutoa machozi. Shangazi, mama karanga, muuza samaki wa kukaanga wa miaka yote, salamu aliziweka kando. "Mwanangu, wewe ndiwe wa mionzi. Nambie, samaki wetu watalika?" Nikamwambia mtambo ukiwa salama samaki hawadhuriki. "Na usipokuwa salama?" Sikuwa na jibu la haraka. Mimi kinachonikosesha raha zaidi ni yale maji ya kupozea yakirudishwa baharini na joto lake, matumbawe yako pale pale. Hilo hakuna aliyelitaja.

Jumatatu, 27 Mei
Kazini, chumba cha eksirei. Mtoto, mkono umevunjika, mama yake hataki picha. "Ni ile ile nyuklia." Nimeumia. Nikamweleza: picha ya mkono haifikii hata mionzi anayoipata mtu siku moja kutoka kwa udongo na anga, yeye na mimi na sote. Akaniuliza, "Mbona wewe wajificha nyuma ya ukuta?" Swali zuri sana! Kwa sababu yeye ni leo tu, mimi ni kutwa, kila siku ya kazi. Akakubali. Alivaa aproni ya risasi, akamshika mwanawe mwenyewe.

Jumatano, 29 Mei, usiku
Sina usingizi. Nasoma habari za ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Aliyetambuliwa na serikali ya Japani kuwa amekufa kwa mionzi ni mfanyakazi mmoja. Waliokufa kwa kuhamishwa na taabu zake, wengi wao wazee, wanapita 2,000. Wazee! Wametolewa vitandani, wametupwa huku na huko. Basi hofu hii si ya kuchezewa, wala si ya kuchochewa.

Lakini ajali ya Chernobyl, 1986. Watu wa Pripyat, mji wa karibu na mtambo, walilala, wakaamka, watoto wakacheza nje, mabasi yakaja kesho yake mchana. Maziwa yenye iodini ya mionzi yakaendelea kunywewa vijijini. Saratani ya tezi ya shingo kwa watoto. Maziwa yangeweza kuzuiwa. Neno moja tu lingetosha: msinywe.

Nasikia hasira.

Alhamisi, 30 Mei
Kazini watu wa Uyombo wanaitwa wajinga. Nilinyamaza, nikajuta mchana kutwa. Hao wajinga wanaijua Owino Uhuru, mtaa wa hapo Mombasa tu. Kiwanda cha kuyeyusha betri, madini ya risasi ndani ya damu za watoto. Mahakama ikatoa hukumu mwaka 2020, fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mpaka Mei hii ya 2024 watu hawajalipwa. Ukitoka hapo, nani atakwambia "ni salama" ukamwamini?

Jumamosi, 1 Juni
Sikukuu ya Madaraka. Shangazi anakaanga tafi, moshi mtupu. Nimemweleza kuhusu beji ya kupima mionzi ninayovaa kifuani kazini, jinsi inavyopelekwa kupimwa na matokeo yanavyorudi kwa jina langu. Akageuza samaki wote kwanza. "Na sisi, nani atatusomea yetu?"

Tumeandika madai yetu, yeye akisema, mimi na kalamu. Bahari ipimwe sasa, kabla ya jiwe la kwanza. Mpimaji asiwe mwenye mtambo. Matokeo yabandikwe bandarini, kwa Kiswahili, kila mwezi. Likitokea jambo, tuambiwe saa ile ile, si kesho yake. La mwisho ameniambia nilipigie mstari: baraza likiitwa, mama karanga waitwe nao.