Juma la Watakatifu Wote katika Mtaa wa Gasenyi

Katika nchi ya Burundi mwezi wa Oktoba ni mwezi wa makaburi. Tarehe 13 taifa humkumbuka Mwana-mfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961, uhuru ukiwa umekaribia. Na tarehe 21 humkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa mwaka 1993. Siku hizo mbili zikishapita, na mashada ya maua yakiwa yamekwisha kunyauka, kila nyumba ya Wakatoliki hugeukia wafu wake yenyewe. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni siku ya mapumziko nchini kote, na kesho yake ni siku ya kuwaombea marehemu. Sasa, ndugu msomaji, ongeza juu ya hayo mvua za kwanza na kazi ya kupanda maharage, ndipo utakapoelewa kwa nini juma la mwisho la Oktoba ni juma la pilikapilika. Tulilifuata juma hilo mwaka 2025 nyumbani kwa mama mmoja mjane wa Gasenyi, mwenye watoto wanne.

Gasenyi ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, si mbali na Kamenge, mahali ambapo mji unaacha tambarare ya Imbo na kuanza kupanda milima. Jina lake halina fumbo kwa ajuaye Kirundi. Umusenyi ni mchanga, na mchanga ndio mali na ndio msiba wa watu wa hapa. Vijana hushinda makorongoni na makoleo, wakichota mchanga na kuurundika kando ya njia ili ununuliwe na wajenzi. Na kila koleo linapoingia, ukingo wa korongo huzidi kulegea. Nyumba za matofali zimesimama bega kwa bega na mihogo na migomba, kwa maana Gasenyi haijaamua bado kama ni mji au ni shamba. Hata ikulu imehamia upande huu. Mwaka 2019, Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa na Bujumbura ikaachiwa biashara, ndipo ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina, ilipokabidhiwa serikali papa hapa Gasenyi. Mtu huondoka na kitanda chake kikaletwa. Ndivyo mzee mmoja wa mtaa alivyotuambia, akacheka.

Juu ya mtaa huu iko nchi ya Mumirwa, yaani miteremko mikali inayotoka kwenye mgongo wa milima utengao maji ya Kongo na maji ya Nile. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 kutoka usawa wa bahari, na mgongo ule unapita mita 2,000, lakini kati ya hivyo viwili, kwa mwendo wa ndege, hapafiki kilomita 30. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayana nafasi ya kutulia. Huja yote pamoja, yakibeba mawe, migomba na udongo mwekundu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 maji ya namna hiyo yaliivamia mitaa ya kaskazini, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Hapana mtu mzima wa Gasenyi asiyeweza kukueleza alikuwa wapi usiku ule.

Mama tuliyemtembelea ana korongo nyuma ya nyumba. Mwaka jana, kati ya ukuta wa chumba cha watoto na ukingo, palikuwa na hatua saba. Alizipima mwenyewe siku ya maziko ya mume wake, kwa kuwa ilimlazimu kujua wageni wangapi wangeweza kukaa nyuma. Jumatatu tarehe 27 Oktoba alipima tena mbele yetu, zikawa nne.

Na jambo lililokuwa mbele yake juma hilo lilikuwa kubwa. Mwaka wa msiba ulikuwa umetimia, na ukoo ulikuwa umepanga kwamba Jumamosi, sikukuu yenyewe ya Watakatifu Wote, ifanyike shughuli ya kuganduka. Hii ndiyo sisi tungeiita kuanua matanga. Warundi huifanya kwa hatua mbili: ya kwanza siku chache baada ya maziko, na ya mwisho hufuata baadaye, mara nyingi baada ya mwaka. Siku hiyo huzuni hufungwa kwa hotuba na vinywaji, mjane huruhusiwa kurudi katika maisha ya watu wengine, na huulizwa hadharani kama yuko anayemdai marehemu au anayedaiwa naye. Si karamu ya ulafi, ingawa wako wanaoigeuza iwe hivyo. Kabla haijafanyika, nyumba huwa kama imesimama.

Ndugu walikuwa wamechanga fedha, na fedha hiyo alikuwa nayo mdogo wa marehemu, mtu mpole, fundi seremala wa Kamenge. Jumatatu jioni alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika kreti kumi na nne za bia, kumi na mbili za soda, mahema mawili na viti mia moja vya kukodi.

“Shemeji,” mama akamwambia, baada ya kuisoma karatasi yote mpaka chini, “viti hivi mia moja utaviweka wapi?”

“Vingine mbele, vingine nyuma.”

“Nyuma kuna hatua nne.”

Wakanyamaza kitambo. Kisha akamweleza haja yake, naye hakuificha. Alitaka nusu ya fedha ile inunue magunia, mawe na vibarua wa siku mbili, ukuta uegemezwe kabla Novemba haijaingia na mvua zake. Shemeji yake alishtuka. Fedha ya marehemu kuingia korongoni! Watu watasema nini? Watasema ndugu yake alizikwa na kuganduliwa kimaskini. Hoja hiyo si ya kuchekwa, maana katika mlima, yaani kijijini, na mjini vilevile, jina la ukoo hupimwa siku kama hiyo, na yule fundi ndiye angesimama mbele ya watu, si sisi tunaoandika magazetini. Aliaga bila kukubali wala kukataa.

Jumanne haikungoja uamuzi. Alfajiri mama na mtoto wake mkubwa walipanda kwenda shambani, upande wa Isare, majembe begani. Majira haya Warundi huyaita Agatasi, nayo ndiyo msimu wa kwanza wa kilimo. Maharage yasipoingia ardhini udongo ungali na unyevu wa mvua hizi, Krismasi itakuta chungu kitupu. Walipanda maharage na mahindi pamoja, kama ilivyo desturi, na pembezoni mwa shamba mama alifukia mbegu za maboga, mbili mbili. Maboga hayagombanii nafasi, alisema. Hutambaa yanakotaka, na majani yake huliwa mapema, kabla mengine yote hayajakomaa.

Usiku huo ilikuja simu kutoka Marekani. Huko anaishi mdogo wake mama, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma na kwa hiyo anasema Kiswahili chepesi kuliko Kirundi. Watoto wa Gasenyi waliizunguka simu wakaona picha ya binamu zao, mmoja amevaa shuka jeupe lenye matundu ya macho, mwingine amekumbatia boga lililochongwa meno na kuwekwa taa ndani. Bibi mzaa mama, ambaye haoni vizuri, aliuliza kuna nini. Akaelezwa kwamba wanajiandaa kupita nyumba kwa nyumba Ijumaa usiku, tarehe 31, wakiwa wamevaa kama mizimu, ili wapewe peremende.

“Mizimu ya nani?” akauliza bibi.

Hapakuwa na aliyejua kumjibu. Na swali hilo ni la haki. Huko Marekani usiku huo huitwa Halloween, jina ambalo maana yake si nyingine ila mkesha wa Watakatifu Wote, mkesha uleule ambao mama wa Gasenyi alikuwa akiuandalia. Papa Gregori wa Nne ndiye aliyeieneza sikukuu ya tarehe 1 Novemba, katika karne ya 9. Watu wa Ireland, ambao tangu zamani walikuwa na mambo yao ya mwisho wa mavuno na roho zinazotembea usiku huo, walikuwa wakichonga nyuso katika mizizi minene mfano wa figili. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa zaidi na laini kwa kisu. Boga lenyewe asili yake ni bara la Amerika, na ndiko lilikotoka hata likafika kwenye mashamba ya Isare. Ila huko kwao Oktoba ni mwisho wa mavuno. Wana maboga mengi hata ya kuchezea. Gasenyi siku ileile boga lilikuwa bado mbegu, limefukiwa asubuhi.

Jumatano fundi alirudi. Hakuja na karatasi. Alikuja na vijana watatu wa karakana yake na kamba. Alisema amelala akiifikiri ile nyuma ya nyumba, na ya kuwa kaka yake ndiye aliyeijenga ile nyumba kwa mikono yake. Kreti za bia zikawa sita. Mahali pa zile zilizopunguzwa akasema pawe na impeke, pombe ya mtama, ambayo wazee huiheshimu kuliko chupa, na mahema yakawa moja. Mama hakumshukuru kwa maneno mengi. Alimwekea chakula: maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya mawese na vitunguu, isombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, na kipande cha mukeke. Huyu ndiye samaki ambaye akina mama wa Kigoma humwita mgebuka.

Siku mbili zilizofuata nyumba ile ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Nyuma, vijana walijaza magunia mchanga wa korongo lenyewe, wakayapanga kwa ngazi na kuyabana kwa mawe, na juu yake wakapanda matete, ambayo mizizi yake hushika udongo vizuri kuliko gunia. Gunia huoza, kwa hiyo tungewashauri wote wenye makorongo wasisahau matete, au mianzi ikipatikana. Mbele, akina mama majirani walipika impeke. Mtama ulikuwa umekwisha kuloweshwa, kuchipuzwa na kuanikwa majuma yaliyopita. Kimea hicho kikasagwa, kikapikwa katika sufuria kubwa, kikaachwa kipoe, kisha kikatiwa hamira na kufunikwa. Mwenye haraka huharibu kazi hapa. Ukitia hamira uji ungali wa moto, pombe hailali vizuri na kichwa cha mnywaji hujua kesho yake. Ijumaa mtoto wa tatu alitumwa parokiani na karatasi yenye majina tisa ya kuombewa misa ya Jumapili. Jina la baba alilitanguliza, ingawa mama alikuwa ameyapanga kwa ukubwa wa umri.

Jumamosi asubuhi walikwenda misa kwa miguu. Mafuta ya magari yalikuwa ya shida, na mabasi machache yaliyopita yalikuwa yamejaa. Alasiri watu walikaa, wengi wao mbele ya nyumba na hata barabarani, na hapana aliyehesabu kreti. Wazee walizunguka chungu na mirija yao mirefu. Fundi alisimama akasema habari za kaka yake kwa ufupi, akauliza kama yuko anayemdai. Mtu mmoja asiyejulikana na wengi, mwuza mbao, alisimama na kusema kwamba yeye ndiye anayedaiwa, akataja kiasi, akaahidi kukilipa kwa mafungu mawili. Mama aliinamisha uso. Hakuwahi kuambiwa na mume wake kwamba alimkopesha mtu.

Mvua ilianza ipatapo saa kumi. Hema lilihimili, na walio nje wakaingia ndani na vibarazani. Hotuba ilisimama yenyewe, kwa sababu wote walikuwa wakisikiliza nyuma. Kwanza palikuwa kimya, kisha mlio wa chini kama wa lori linalopanda kilima, halafu mawe yakigongana. Vijana wa karakana walitoka bila kutumwa. Waliporudi, maji yakiwadondoka, walisema magunia matatu ya ngazi ya chini yamekwenda na yaliyobaki yamekaa. Fundi alitazama kwa shemeji yake, kisha akaendelea pale alipokuwa ameishia.

Jumapili majina tisa yalisomwa kanisani pamoja na mamia mengine, kwa haraka, kama inavyokuwa siku hiyo. Jumatatu mama alipanda tena Isare, kwani upande wa chini wa shamba ulikuwa bado haujapandwa, na fundi alikuja na magunia matatu.