O ya Otieno

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu Asembo Bay, na kwa kuwa ni mimi tu niliyejua kupiga taipu, nilikabidhiwa kompyuta ya shule. Ilikuwa na Windows 98 na modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kasi ambayo sikuwahi kuionja. Laini ya simu ilikuwa moja, ile ile ya mwalimu mkuu.

Kila jioni modemu ilipiga namba, ikalia filimbi, ikakwaruza kama redio iliyopotea stesheni, kisha kimya. Kwenye kioo: inahakikisha jina na neno la siri. Halafu kosa namba 691, nje. Na simu ikishapokelewa upande wa pili unalipa, uwe umeingia au umefungiwa mlango.

Mimi nilikuwa mtu wa kufoka, wanafunzi wangu wa miaka hiyo ni mashahidi. Nililaumu radi za ziwani, nikalaumu nyaya, na kila nilipopiga kwa kampuni ya intaneti Kisumu nilimwambia dada aliyepokea kwamba wanakula pesa ya watoto wa watu. Siku moja aliniacha nikamaliza.

"Mwalimu, hasira nimezisikia. Sasa niambie modemu inalia vipi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akanifundisha kusikiliza. Ukikosa mlio wa kawaida wa simu kabla ya kupiga, shida ni waya. Ikiita tu bila filimbi, hawajapokea. Filimbi ikiishia kwenye kukwaruza na kunyamaza, modemu mbili zimeelewana. "Ukifika hapo nguzo hazina kosa. Uko langoni, mlinzi hajakutambua."

Tulianza kukagua. Kwa sababu ya ile laini moja, kila jambo lilitaka nikate simu, nijaribu, nimpigie tena. Herufi kubwa hazikuwa zimefungwa. Nafasi tupu mwisho wa jina, hakuna. Mara ya nne akasema nifungue ukurasa mtupu niliandike neno la siri pale, maana kwenye kisanduku chake huonyesha nyota tu, kisha nimsomee.

Nikasoma polepole. Nilipofika katikati akanisimamisha.

"O? O ya Otieno?"

"Ya Otieno."

"Mwalimu, hiyo ni sifuri."

Nikakitazama kile kikaratasi nilichoandikiwa kwa kalamu siku ya kulipia. Kiduara kilikuwa chembamba kweli. Lakini mtu anayeita rejista kila asubuhi, Ochieng', Odhiambo, Okoth, Oluoch, Onyango, ataonaje sifuri? Nikaandika 0. Modemu ikakwaruza, ikanyamaza, tukaingia. Barua pepe kumi na moja zikaanza kushuka moja moja.

Tangu hapo mzazi akija ofisini anawaka, namuuliza kwanza amesikia nini. Mke wangu alidhani ninaumwa.

Likizo ya Agosti nilipanda matatu kwenda Kisumu na ngege wawili wakubwa ndani ya gazeti. Mlangoni mwa ile kampuni askari akaniuliza namtafuta nani. Nikafungua mdomo. Wiki tatu za kumfokea yule dada, na jina lake sikuwahi kuuliza.

"Yule wa sifuri," nikasema.

Akanitazama, akatazama gazeti linalolowa, akanionyesha benchi.